Kiungo Kinachokubali Kufunguliwa: Mwongozo wa Kutambua Kazi Bora ya Bomba katika Nyumba Kongwe za Mboko

Ubora wa kazi ya bomba hauonekani kwa urahisi kama ubora wa kiti au wa jamvi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo hufukiwa ardhini, hupitishwa nyuma ya ukuta au hufunikwa kwa saruji siku ileile inapokamilika, na mwenye nyumba hubakiwa na robine inayong'aa, yaani koki ya kufungulia maji, ambayo katika kazi nzima ndiyo inayoeleza machache kuliko sehemu nyingine yoyote. Fundi bomba, ambaye katika jimbo la Kivu ya Kusini nchini Kongo huitwa pia plombie kwa kufuata Kifaransa, hulipwa kwa hiyo kwa kitu ambacho mlipaji hakioni, na wengi huishia kumhukumu kwa bei yake, kwa upole wa maneno yake au kwa weupe wa saruji aliyopaka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukiona kitu hicho kilichofichika katika mazingira mahususi ya Mboko, mji mdogo wa sekta ya Tanganyika katika wilaya ya Fizi, ambao umekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika na milima, kando ya barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka.

Vitabu vya ufundi vilivyoandikwa kwa ajili ya miji mikubwa huanza na uimara: bomba nene, kiungo kisichotikisika, saruji ya kutosha. Katika Mboko mpangilio huo unafaa kugeuzwa, na wepesi wa kuifungua kazi uwekwe mbele ya ugumu wake. Sababu yake ni ya kijiografia kabla ya kuwa ya kiufundi. Vifaa vya bomba hufika kutoka maduka ya Uvira na Baraka, na kwa njia ya ziwa kutoka Kigoma au Bujumbura, na mvua zinapojaza mito ishukayo milimani barabara inaweza kukatika wakati ambao kifaa kinahitajika zaidi. Kiungo kilichogandishwa kwa gundi na kuzikwa ndani ya saruji kinaweza kudumu miaka mingi, lakini siku kinapoharibika hukatwa kwa msumeno, na kila kinachokatwa hudai kifaa kipya ambacho huenda hakimo mjini. Kiungo kinachofunguka kwa spana, kikasafishwa, kikafungwa tena kwa vifaa vilevile, kinamwezesha mwenye nyumba kupata maji jioni ya siku hiyohiyo. Mjuzi wa kazi hii anapoingia katika nyumba, jambo la kwanza analolitafuta kwa macho ni yunioni, yaani kiungo cha vipande vitatu ambacho nati yake ya katikati ikilegezwa bomba huachana bila mojawapo ya pande zake kuzungushwa. Nyumba yenye yunioni moja karibu na vali kuu, nyingine kabla ya tangi na nyingine kabla ya bafu ilifanyiwa kazi na mtu aliyemfikiria fundi atakayekuja baada yake, ilhali nyumba isiyo na hata moja ilifanyiwa kazi na mtu aliyeifikiria safari yake ya kurudi.

Neno "kongwe" nalo linahitaji kufafanuliwa, kwa maana katika ukanda wa Fizi ukongwe wa nyumba hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Zipo nyumba za matofali ya kuchoma zilizojengwa kwa mtindo wa wakati wa ukoloni na wa misheni, ambazo ndani ya kuta zake au chini ya sakafu zake huweza kukutwa bomba za chuma kilichopakwa zinki, na zipo nyumba za familia, zilizo nyingi zaidi, za matofali mabichi, yaani tofali za udongo zilizokaushwa kwa jua bila kuchomwa, zenye paa la mabati, ambazo maji yaliingizwa baadaye sana au yanaingizwa sasa. Juu ya tofauti hiyo kuna historia ya kuhama: wakazi wengi walikimbilia Tanzania wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1996, na kuanzia mwaka 2005 meli zilizowarudisha kutoka Kigoma zilikuwa zikitia nanga Baraka. Nyumba iliyokaa bila mwenyewe kwa miaka kadhaa, kisha ikatengenezwa kwa haraka na watu waliorejea wakiwa na fedha kidogo, huwa na mfumo wa bomba wenye tabaka, kama ukuta uliopakwa rangi mara tano, na fundi asiyejua kuzisoma tabaka hizo huunganisha kitu kipya juu ya kitu kilichokwisha kufa. Dalili ya fundi mzuri ni kwamba kabla ya kutoa bei hufuata bomba kwa mguu, kutoka linapoingia kiwanjani hadi linapoishia, akiuliza ni nani aliyeongeza kipande gani na mwaka gani, na akichimba kidogo kwa mkono mahali ambapo majibu hayalingani. Bei inayotolewa mlangoni ni bei ya kubahatisha.

Uhamaji huohuo umeacha alama katika lugha ya ufundi, na alama hiyo ni kipimo kizuri cha ujuzi. Fundi aliyejifunza upande wa Kigoma hupima kwa inchi na kusema nusu inchi, robo tatu na inchi moja. Aliyejifunza upande wa Uvira au Bukavu hutaja vipimo vya Kifaransa, yaani 15/21, 20/27 na 26/34, ambapo namba ya kwanza ni upana wa ndani wa bomba la chuma kwa milimita na ya pili ni upana wa nje, kwa kukadiria. Mifumo hii miwili ya vipimo inataja vitu vilevile vitatu kwa majina mawili, kwa kuwa hesi (yaani mikunjo ya mzunguko inayochongwa kwenye ncha ya bomba ili lifungwe kwa kuzungushwa) ya nusu inchi huingia sawasawa katika kifaa cha 15/21. Utata huanza pale bomba la plastiki linapoingia, kwa sababu hilo hupimwa kwa upana wa nje peke yake, na bomba la milimita 25 huungana na hesi ya robo tatu, wala si ya inchi moja kama wanunuzi wengi wanavyodhani kwa kuwa milimita 25 zinakaribia inchi. Mjuzi anaweza kumpima fundi kwa swali moja tu: ni kifaa gani kinachounganisha plastiki ya 32 na chuma cha 26/34. Anayejibu bila kusita kwamba zote mbili ni za inchi moja, na kwamba kinachotakiwa ni kiungo chenye hesi upande mmoja na kibano cha plastiki upande wa pili, amewahi kununua vifaa kwa fedha yake mwenyewe na kuona hasara ya kukosea. Anayejibu kwamba "itaingia tu" atalazimisha, na hesi iliyolazimishwa huliwa meno siku ya kwanza ingawa huvuja baada ya miezi.

Baada ya vipimo huja maji yenyewe, ambayo katika mji huu ni ya aina mbili zenye tabia zinazopingana. Maji ya chemchemi yanayoshuka kutoka milimani kwa uzito wake, bila pampu, kwa kawaida ni maji laini yenye madini kidogo, na maji ya namna hiyo hula zinki polepole na kisha chuma, yakianzia mahali ambapo zinki ilikwishaondolewa na fundi mwenyewe alipochonga hesi. Ndiyo maana bomba kongwe la chuma huoza kwenye viungo kabla ya kuoza katikati. Maji ya Ziwa Tanganyika, kwa upande wake, yana ualkali mkubwa, kipimo chake kikiwa karibu na 9 wakati maji yasiyo na tindikali wala alkali huwa na 7, nayo huacha ukoko mweupe ndani ya vyombo na vichwa vya bafu. Nyumba iliyowahi kutumia maji ya ziwa kwa pampu ndogo, kisha ikaunganishwa na maji ya mlimani, huweza kuwa na bomba ambalo tundu lake limepungua kwa ukoko bila kuonyesha dalili yoyote nje, na mwenye nyumba humlaumu aliyesambaza maji kwa udhaifu wa mtiririko ulio ndani ya kuta zake mwenyewe. Fundi anayejua jambo hili hulegeza bomba mahali pamoja na kutazama ndani kwa tochi kabla ya kushauri lolote, na hapo tena thamani ya yunioni hujitokeza, kwa kuwa pasipo hiyo kutazama ndani ni kukata.

Maji ya mlimani yana jambo la pili, nalo ni msukumo. Kila mita 10 za kimo kati ya tangi na robine huongeza takriban bar moja ya msukumo, bar ikiwa kipimo kinachokaribia uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, hivyo tangi lililo mita 60 juu ya nyumba husukuma kwa bar 6 wakati robine zote zimefungwa. Bomba jeusi la plastiki laini lenye mistari ya samawati huandikwa ubavuni PN 6, PN 10 au PN 16, na namba hiyo ndiyo bar ambazo bomba linaweza kuzihimili kwa muda wote wa maisha yake. Mnunuzi asiyesoma maandishi hayo hununua kwa unene wa macho, na wauzaji wanalijua hilo. Msukumo hufikia kilele chake usiku, wakati hakuna anayechota, na kwa hiyo bomba lililofanya kazi vizuri mchana kutwa linaweza kupasuka saa nane za usiku. Fundi anayepima mchana peke yake amepima nusu ya hali. Katika mifumo mirefu ya mteremko hujengwa pia matangi madogo ya kuvunja msukumo, ambamo maji hutua na kuanza safari upya, na mjuzi huuliza tangi la mwisho la namna hiyo liko wapi kabla ya kukubali bomba la PN 6 litumike nyumbani kwake.

Ukuta wa matofali mabichi ndio unaotenganisha fundi wa nyumba kongwe na fundi wa nyumba mpya. Udongo uliokauka hubeba mzigo mkubwa, lakini hurudi kuwa tope ukilowa, na uvujaji mdogo ambao katika ukuta wa saruji ungeacha doa tu, katika ukuta wa namna hii huweza kuangusha pembe ya chumba. Robine inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku, yaani bidoni nzima ya njano, na bidoni moja ya maji ikimiminwa kila siku chini ya msingi wa udongo haihitaji mwaka ili ionyeshe kazi yake. Kwa sababu hiyo kanuni ya kuficha bomba ndani ya ukuta, ambayo katika miji mikubwa huhesabiwa kuwa ndiyo ustaarabu, hapa ni kosa, na kosa hilo huongezeka fundi anapochonga mfereji wa kulala katika ukuta ambao nguvu yake yote inategemea unene. Kazi bora hupitisha bomba nje ya ukuta, likishikwa na vibano kila baada ya hatua fupi, likiachwa na nafasi ya kidole kati yake na udongo ili maji yakivuja yaonekane na yaanguke chini badala ya kunywewa na tofali. Pale linapolazimika kuutoboa ukuta hupitia ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi, kinachoitwa ala kwa kuwa hulivika kama ala inavyovika kisu, ili ukuta ukicheza bomba lisikatike. Kucheza kwa ukuta si nadharia katika bonde hili la ufa: tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, liliharibu nyumba nyingi katika mji wa Kalemie, na bomba gumu lililokazwa kwa saruji pande zote mbili za ukuta ndilo la kwanza kuvunjika katika mtikisiko wa namna hiyo.

Wenye nyumba wengi huona haya kuonyesha bomba, na haya hiyo haina msingi wowote katika historia ya majengo ya Waswahili. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zilikuwa na birika, yaani tangi la maji lililojengwa ndani ya nyumba mahali pa kuogea, ambalo halikufichwa, na ndani yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliyafikisha mjini maji ya chemchemi kwa mfereji, na kazi hiyo ilihesabiwa miongoni mwa fahari za utawala wake. Bomba lililonyooka, lililopigwa vibano kwa mstari mmoja na kupakwa rangi ya ukuta, lina uzuri wake, na pia ni ushahidi unaosomeka na kila mtu.

Sasa vinafuata viungo vyenyewe, ambavyo ndivyo mwandiko wa fundi. Kiungo cha chuma kilichofungwa vyema huacha hesi mbili au tatu nje ya kifaa: zikibaki nyingi zaidi hakikuingia vya kutosha, na isipobaki hata moja huenda hesi ilichongwa fupi au kifaa kimelazimishwa hadi kikapanuka. Kinachoziba nafasi kati ya hesi ni nyuzi za katani au utepe mweupe wa tefloni, na kila kimoja kina mahali pake. Katani huvimba inapolowa, na kwa hiyo huenda ikatokwa na jasho kidogo siku ya kwanza kisha ikajifunga yenyewe, sifa ambayo huifanya ipendwe kwa chuma kikongwe chenye hesi zilizochakaa. Lakini uvimbe huohuo hupasua kifaa cha plastiki, na fundi anayejaza katani kwenye hesi za plastiki hajui kwa nini vifaa vyake hupata ufa baada ya wiki mbili. Nyuzi hizo hutakiwa kuzungushwa kwa kufuata upande ambao kifaa kitakazwa, zikipakwa mafuta mazito ya kuzihifadhi, na zile zilizobaki nje hukatwa kwa kisu. Kiungo chenye ndevu za katani zinazoning'inia huenda kisivuje, ingawa aliyekifanya hakurudi kukitazama baada ya kukikaza, na asiyerudi kutazama kinachoonekana ni vigumu kuamini kwamba alirudi kutazama kisichoonekana.

Kwa bomba gumu la plastiki, linaloitwa PVC, mtihani mkuu ni moto. Kwa kuwa soketi, yaani kifaa kifupi cha kuunganishia ncha mbili, hugharimu fedha na huenda isipatikane, mafundi wengi wa Afrika Mashariki na Kati huipasha moto ncha ya bomba moja juu ya makaa hadi ilainike, kisha huisukumia ndani yake ncha ya bomba la pili na kuiacha ipoe. Kwa bomba la maji taka yasiyo na msukumo, kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu inavumilika. Kwa bomba la maji ya kunywa lenye msukumo wa mlimani haivumiliki kamwe, kwa sababu ukuta wa bomba hunyooshwa na kuwa mwembamba mahali palepale panapotakiwa kuwa na nguvu zaidi, na rangi ya hudhurungi iliyoachwa na moto ni hukumu inayoweza kusomwa na mtoto. Pale penye gundi, mjuzi hutazama kama ncha ilikatwa wima na kuondolewa makapi ya msumeno, kama kuna ukingo mwembamba wa gundi uliozunguka kiungo chote bila kukatika, na kama fundi alikataa kufungua maji kabla ya gundi kukauka, jambo ambalo kwa bomba la msukumo huchukua takriban saa 24. Kukataa huko humgharimu fundi siku ya pili ya safari, na kwa hiyo kuna uzito zaidi kuliko maneno yake yote.

Bomba laini jeusi halina gundi wala moto. Huunganishwa kwa rakori, jina ambalo mafundi wa Kongo wamelitoa katika Kifaransa na ambalo humaanisha kiungo cha kibano kinachokazwa kwa mkono na kumaliziwa kwa spana. Kifaa hiki ni ghali kuliko soketi ya gundi, lakini hufunguliwa na kufungwa mara nyingi, hupinda na ardhi, na hakidai umeme wala chombo maalumu. Kwa nyumba kongwe ya Mboko, bomba jeusi lenye rakori chache ni chaguo bora kuliko PVC kwa njia ya kutoka barabarani hadi ukutani, mradi lifukiwe kwa kina cha sentimita 60 au zaidi ili jembe lisilifikie. PVC ikiachwa juani hukakamaa na kuvunjika kama kibuyu kikavu. Anayeilaza juu ya ardhi na kuahidi kuifukia baadaye amekwisha kuihesabia siku zake.

Kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa juu ya tundu kinastahili neno la haki. Wajuzi wa vitabuni hukidharau, ilhali fundi anayekifunga usiku ili kuokoa ukuta, akasema waziwazi kwamba ni cha siku tatu, kisha akarudi siku ya tatu, amefanya kazi safi. Kosa liko katika mpira unaopakwa saruji juu yake.

Maji ya Mboko, kama yale ya miji mingi ya ukanda huu, hayatoki kila saa, na kukatika huko hubadilisha maana ya ubora. Bomba lililokatika maji hufyonza: maji yanaposhuka kuelekea bondeni huacha utupu nyuma yake, na utupu huo huvuta chochote kilicho mdomoni mwa bomba au pembeni mwa tundu dogo. Mpira wa kumwagilia uliotumbukizwa ndani ya pipa huweza kuyarudisha maji ya pipa katika bomba la mtaa mzima. Kipindupindu ni ugonjwa wa kudumu katika mwambao huu wa ziwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Uvira, ukitumia takwimu za miaka 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba siku za kukosa maji ya bomba zilifuatwa na ongezeko la wagonjwa, na kwamba takriban asilimia 23 ya waliolazwa kwa kudhaniwa kuwa na ugonjwa huo wangeweza kuhusishwa na upungufu wa maji hayo. Kwa hiyo mjuzi hapuuzi nafasi ya hewa, yaani umbali wa angalau upana wa vidole viwili kati ya mdomo wa robine na ukingo wa juu kabisa wa chombo kinachojazwa, wala hapuuzi vali ya kuzuia maji yasirudi, ambayo ni kifaa kidogo chenye mshale ubavuni. Mshale huo hutakiwa kuelekea ndani ya nyumba. Ukielekea nje, vali hufunga njia, na mwenye nyumba hulalamika kwamba maji hayafiki kwake.

Tangi la nyumbani ni jibu la kawaida kwa kukatika kwa maji, nalo hupimwa kwa mambo machache: limekaa juu ya jukwaa linalojitegemea wala si juu ya ukuta wa udongo, kwa kuwa lita 1,000 zina uzito wa tani moja, bomba la kutolea liko sentimita chache juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini, na chini kabisa kuna vane, yaani vali, ya kulisafishia. Mlizamu wa mabati unaoliingizia maji ya mvua uwe na kipande cha kumwaga mvua ya kwanza, ile inayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege baada ya kiangazi.

Upande wa maji taka unaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi, kwa sababu makosa yake hujitangaza kwa harufu. Bomba la kutolea lishuke kwa takriban sentimita 2 katika kila mita, na mteremko huo hupimwa kwa mpira mwangavu uliojazwa maji ambao waashi huutumia kusawazisha misingi. Fundi anayepima kwa jicho hapimi. Chini ya sinki huwekwa sifoni, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia hewa chafu isipande, na bomba la kupumulia linalotoka juu ya paa huyalinda maji hayo yasifyonzwe. Jaribio lake ni la sikio: bidoni nzima ikimiminwa kwa mara moja katika choo, sinki lisikorome. Likikoroma, bomba la kupumulia halipo au limeziba. Shimo la maji taka liwe mbali na kisima kwa mita 30 kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na katika viwanja vya karibu na ziwa kina chake kipimwe kwa kuzingatia kwamba ziwa halina kimo kimoja. Mwaka 2024 lilipanda hadi likafurika mitaa ya Uvira, Kalemie na Bujumbura, na shimo lililochimbwa kwa kufuata maji ya kiangazi cha miaka ya nyuma hujaa kutoka chini.

Malipo ni sehemu ya ufundi wa kutambua, ingawa waandishi wengi hulionea aibu jambo hili. Mkataba wa busara hugawa fedha katika sehemu tatu: ya vifaa, inayolipwa baada ya vifaa kuonekana na namba zake kusomwa, ya kazi, inayolipwa baada ya jaribio la usiku mmoja ambapo tangi hujazwa, robine zote hufungwa na kimo cha maji huwekewa alama kwa mkaa hadi asubuhi, na ndogo ya mwisho, inayongoja mvua kubwa ya kwanza. Fundi anayeikubali sehemu ya tatu bila kununa anaijua kazi yake. Pamoja na malipo ya mwisho hukabidhi mchoro, hata kama ni wa kalamu ya risasi nyuma ya mlango wa jiko, unaoonyesha bomba limepita wapi, kwa kina gani, na vali zote ziko wapi, kwa kuwa mwenye nyumba anayeijua vali yake kuu huokoa ukuta kabla fundi hajaamka. Vipande vya bomba vilivyobaki huachwa nyumbani. Vinavyoondoka na fundi vitauzwa kwa jirani, na siku vitakapohitajika vitanunuliwa tena.

Mtihani wa mwisho haufanyiki siku ya makabidhiano. Baada ya mwaka mmoja, kiangazi kinapokuwa kimepunguza maji ya chemchemi na msukumo ukiwa mdogo, vali kuu hufungwa na yunioni iliyo karibu nayo hufunguliwa na mtu mwingine, asiyekuwepo siku ya kazi, kwa spana ya kawaida. Nati ikilegea kwa msukumo mmoja wa mkono, uso wa kiungo ukiwa mkavu nje na safi ndani, hesi za upande wa pili zikiwa bado na katani yenye rangi ya mchanga isiyogeuka nyeusi, na hakuna alama za meno ya spana juu ya robine, basi kiungo hurudishwa, hukazwa kwa nguvu ileile ndogo, na vali hufunguliwa polepole hadi hewa iishe kukohoa katika bafu.